Kibandiko cha Mpeleka Barua

Wasomaji wetu wa huku wamezoea kuziendea barua zao katika sanduku la posta. Kwa hiyo yafaa kwanza tueleze desturi ya Marekani, ambako tangu tarehe 1 Julai 1863 barua za miji kadha wa kadha zilianza kupelekwa mpaka nyumbani pasipo malipo ya ziada. Mpeleka barua wa huko, kabla hajatoka, husimama mbele ya kabati lenye vijumba vyembamba vingi, akipanga barua zake. Kila kijumba kina kibandiko chenye jina la njia na namba za nyumba. Wala vijumba havifuati hesabu, bali hufuata miguu yake: pengine namba za witiri upande huu, kisha huvuka, akarudi kwa zile za shufwa.

Basi, aliyeitembea njia moja miaka ishirini huijua kwa moyo. Mkono wake hukiendea kijumba pasipo jicho kusoma. Je, ana wajibu wa kuandika vibandiko? Wako wasemao hana. Na mwingine husema kimoyomoyo: Maarifa yangu ndiyo ngao yangu, nikiyaandika yote kabatini, kesho nitaondolewa, atiwe mwingine. Neno hili tusilidharau. Mwenye watoto ana haki ya kuogopa njaa.

Lakini siku apatwapo na homa, huja mgeni, naye hana mwalimu ila vile vikaratasi. Barua ikipotea, mwenye hasara ni mama angojaye habari za mwanawe, na mama huyo hakuwamo katika shauri lile la ngao. Tena kibandiko cha zamani kisichosahihishwa ni kibaya kuliko kijumba kitupu. Maana penye utupu mgeni huuliza, bali penye maandiko huamini. (Sisi walimu twalijua jambo hili kwa daftari zetu za mahudhurio, lakini tuliache.)

Siku hizi mashine hupanga barua nyingi kwa utaratibu wa njia, nayo yaijua njia kwa sababu watu waliiandika. Hata hivyo yako mambo yasiyoenea katika kibandiko: kwamba mzee wa nyumba ya pembeni hasikii mlango ukigongwa, au kwamba mbwa wa jirani yake huuma. Hayo, twaona, mwenye njia amwambie mgeni kwa mdomo, kabla hajaenda likizoni.