Vigae vya Matema

Jumamosi ni siku ya soko la vyungu Matema. Wanawake wa Kikisi huvileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Siku moja chungu kilimponyoka mchuuzi, kikapasuka, na papo hapo kila mtu akaanza kueleza kilivyoanguka. Wengi walikuwa wamegeuka upande wa pili. Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana hiyo ndiyo kazi yangu: mimi ni mwandishi wa habari.

Wanafizikia nao wanaishi kwa vigae. Kwaki, chembe zinazounda protoni, hazijawahi kuonekana zikiwa peke yake. Elektroni na positroni zikigonganishwa kwa nishati kubwa, kwaki mbili zinaweza kuchomoka kuelekea pande mbili. Zinapoachana, nishati ya mvutano wao huzaa chembe nyingine. Kinachofika kwenye vigunduzi ni michirizi ya chembe, iitwayo jeti. Mwaka 1979, kwenye mashine ya PETRA mjini Hamburg, Ujerumani, baadhi ya migongano ilitoa jeti tatu. Ya tatu ilikuwa alama ya gluoni, chembe inayozishikamanisha kwaki. Gluoni yenyewe hakuna aliyeiona.

Sasa, haki ya kusema "tunajua" waliipata wapi? Chembe ipi ni ya jeti ipi si jambo la kujionea kwa macho. Lazima utaje kanuni yako ya kukusanya, na uitumie hiyo hiyo kwa kila mgongano, hata ule unaoharibu hoja yako.

Miaka kadhaa nyuma niliandika habari ya mtumbwi uliozama huku ziwani Nyasa. Nilikuwa na kasia, dumu tupu na maneno ya watu watatu. Nikaandika kwamba nahodha alizembea. Alikuwa ameshakufa; asingeweza kunijibu. Baadaye mjane wake alinikuta stendi ya Kyela, akaniuliza bila hasira, "Kaka, ulikuwepo?"

Kwa muda mrefu nilijitetea moyoni: hakuna aliyekuwepo. Ni kweli, lakini kutokuwepo sio kosa langu. Kulikuwa na mtu wa nne, mvuvi, aliyesema upepo uliteremka ghafla kutoka milima ya Livingstone. Nilimwacha nje kwa sababu sentensi yangu ya kwanza nilishaiandika.

Mama yule bado sijamrudia. Nikimrudia, nitaanza na mvuvi huyo.