Usimfichie Mungu Jeraha

Ndugu yangu, ukiumizwa na mtu uliyemwamini, usikimbilie kujibu kwamba uko salama. Makanisani kwetu tumelizoea mno jibu hilo. Mtu ametelekezwa na mumewe, au amedhulumiwa shamba na kaka yake wa tumbo moja, lakini akijuliwa hali mlangoni mwa kanisa anatabasamu na kusema "Bwana asifiwe". Hiyo ni adabu ya mbele za watu, nayo ina mahali pake. Mbele za Mungu haihitajiki.

Fungua Zaburi. Ziko 150, na nyingi ni malalamiko: mtu anamuuliza Mungu atamsahau mpaka lini, mwingine anamshtaki rafiki aliyekula naye kisha akamgeuka. Aghalabu huishia kwa sifa. Ya 88 haiishii hivyo. Inakomea gizani, na waliokusanya Maandiko hawakuiondoa. Basi ukipiga magoti usiku, taja jambo lenyewe, na mtu mwenyewe, na neno alilokutamkia. Maombi ya namna hiyo hayana ufasaha. Hana, kule Shilo, aliomba midomo ikicheza bila sauti hata kuhani Eli akadhani amelewa.

Kisha ule, ulale. Eliya alipomkimbia Yezebeli na kujilaza chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ale. Kando ya kichwa chake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalimngoja Horebu. Kwa hiyo anayemwamuru mtu asiyepitisha hata tonge afunge siku tatu anamwongezea ugonjwa, hata kama ni mtumishi mwenye jina. Na usingizi ukikukimbia kwa majuma, au ukianza kutamani kufa, nenda hospitali upesi. Hujapungukiwa imani.

Chagua wa kumwambia. Uamsho uliovuma kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930, ukaenea hadi Kenya na Tanganyika, uliwazoeza walokole kutubu mbele ya wenzao, na wengi walipata pumziko kwa njia hiyo. Lakini toba ni ya dhambi. Uovu uliotendewa na mwingine si dhambi yako, wala hudaiwi kuutolea ushuhuda. Tafuta mmoja au wawili wenye kifua. Kwenye jumuiya, mtu akianza na "tumwombee dada fulani, ndoa yake inayumba", umbeya umeshavikwa kanga ya maombi.

Kusamehe nako kuna adabu zake. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi na mtoto wa Uamsho huohuo, aliikimbia Uganda mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya Idi Amin. Alivuka milima usiku na mkewe mpaka Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, aliiona chuki iliyokuwa ikimea ndani yake, akaitua. Kitabu alichokitoa baadaye kilitamka tangu jalada kwamba anampenda Idi Amin. Tazama lakini: aliyesamehe hivyo hakurudi kujikabidhi kwa Amin, wala hakuacha kuyasema maovu yake. Alirejea Uganda mwaka 1979, Amin akiwa ameshang'olewa. Basi mwanamke anayepigwa asisukumwe arudi nyumbani eti kwa kuwa amesamehe. Wazee wa kanisa wanaosuluhisha ndoa, hili liwaingie.

Nawe uliyekuja kufariji, keti. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno, na hapo walikuwa wafariji hasa. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. "Kazi ya Mungu haina makosa" huwa rahisi mdomoni mwa asiyefiwa. Osha vyombo vilivyolala tangu jana, chota maji, wapeleke watoto shule. Ukitaka kuomba naye, muulize kwanza aombewe nini. Akisema leo hataki kuombewa, usimkasirikie wala usianze kukemea pepo. Mwachie uji, mwambie utarudi Alhamisi, na Alhamisi urudi.