Kabla Hamjapanda Lirhanda

Wanangu, nasikia Jumamosi mnakwenda msitu wa Kakamega. Mtaanzia Isecheno, mpande kilima cha Lirhanda kuutazama msitu kutoka juu, kisha mteremke kwa njia nyingine mzunguke hadi mlikoanzia. Nasikia pia mkiambiana kwamba ni matembezi rahisi. Ni rahisi kweli, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia, kwa sababu mtu akishaambiwa njia ni rahisi haulizi tena swali lolote.

Anayekwenda Mlima Elgon hujiandaa wiki nzima. Anayekwenda Lirhanda huamka saa tatu, hunywa chai taratibu, humngoja mwenzake aliyechelewa, halafu huingia msituni saa nane na chupa moja ya soda. Saa nane, Kakamega! Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hufika huku mchana, ukakutana na nyanda za juu za Nandi, ukapanda, na mawingu yakakomaa hapo hapo. Ndiyo maana mvua yetu hupenda alasiri, tena huja na radi, wakati mwingine na mawe. Ya Aprili na Mei sisemi. Hata Januari, tunayoiita kiangazi, msiiamini sana.

Basi msianze kupanga kwa saa ya kuondoka. Anzeni na saa ya kutoka. Semeni, saa sita tuwe tumeshaiacha miti nyuma, kisha mhesabu mkirudi nyuma: muda wa kuteremka, muda wa kukaa kileleni, muda wa kupanda, na muda wa yule mmoja wenu ambaye lazima atasimama kwa kila kipepeo. Mtajikuta mnapaswa kuingia msituni saa moja asubuhi. Vizuri. Mlima Elgon nao huonekana asubuhi kukiwa kweupe; mkichelewa mtaoneshwa ukungu.

Halafu hilo la kuzunguka. Anayerudi kwa njia aliyojia huijua kila panda na kila gogo. Anayezunguka hukanyaga mahali pageni hadi hatua ya mwisho, na akishapita katikati, kurudi nyuma ni mbali kuliko kuendelea. Kwa hiyo kileleni ndipo pa kuamua. Mkifika, simu ziwekeni kwanza. Tazameni ukuta wa Nandi ulivyosimama mashariki, tazameni mawingu yanakotokea, ulizaneni nani amechoka. Mkishaingia tena chini ya miti, ukuta huo hamtauona, na jua litakuwa vijidoa tu kwenye majani. Mkisikia ngurumo kabla hamjahesabu sekunde thelathini tangu umeme umulike, radi iko umbali usiozidi kilomita kumi kutoka mlipo. Kilele si mahali penu tena. Shukeni, wala msijibanze chini ya mti mrefu uliosimama peke yake.

Viatu vyeupe vya raba viacheni mjini. Udongo wa huku ukilowa ni sabuni, na mizizi iliyolala njiani hutelezesha kuliko tope lenyewe. Wenyeji huvaa gambuti, wala si kwa ushamba. Suruali ichomekeni ndani ya soksi. Najua mtacheka. Mbega wakianza kuruka juu, mikia yao myeupe ikining'inia, kila mtu atasimama kinywa wazi, shingo imepinda, bila kutazama alipokanyaga. Siafu wanapita hapo hapo kwa mstari wao mweusi, kimya, na huanza kukupanda kabla hujawagundua. Ukija kushtuka, wameshafika magotini na kwenda juu, wanauma. Nimewaona watu wazima, wenye heshima zao, wakivua suruali mbele ya wakwe.

Pale Lirhanda kuna shimo la mgodi wa zamani, wa enzi zile za dhahabu za miaka ya 1930. Siku hizi ni makao ya popo. Chungulieni mlangoni mkitaka, msiingie.

Mchukueni mwelekezi wa pale pale, kijana aliyekulia pembeni ya msitu. Vijia vya ng'ombe na vya wachanja kuni hukatana na njia yenu, na ramani ya simu haivijui vyote. Na jamani, msivutane naye bei hadi mkamdhalilisha, ilhali mmetoka kununua chipsi kwa pesa zaidi ya hizo mnazozozania.

Maji, kila mtu abebe yake, lita moja isipungue. Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni mwake, asimpe mwenzake anayekimbilia mbele. Anayetembea polepole atangulie, wengine wamfuate. Na mtu mmoja nyumbani aachiwe saa mtakayotoka. Mkishatoka, mpigieni. Msingoje mimi niulize.