Anafukuzwa na Nani?



Siku hizi limekuwa jambo la kawaida katika miji yetu kuwaona watu wazima, wake kwa waume, wakikimbia alfajiri au jioni pasi na kufukuzwa na mtu. Hapa Dodoma wako wakimbiao barabarani, na mwenye nafasi aweza kwenda hadi Hombolo, kaskazini-mashariki ya mji, akakimbia kando ya bwawa huku akiburudisha macho yake. Wazee huuliza: mtu mzima yule anafukuzwa na nani? Ayazunguka maji, jasho lamtoka, kisha arudi pale pale alipoanzia, na hakuleta hata mzigo wa kuni!

Swali hili si la kucheka. Latutaka tujue mwili huu ni wa nani, na nguvu zake ni za kufanyia nini.

Na tulitazame kwanza bwawa lenyewe. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957 kwa kuuzuia mto Kinyasungwe, ambao ni mto wa msimu. Nchi ya Ugogo ni kavu. Mvua yake ni kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Basi watu waliweka ukuta ili neema ya miezi michache ifae mwaka mzima. Lakini maji hayaji peke yake. Huja na udongo wa mashamba na makorongo, udongo ukatuama chini. Asimamaye ukingoni huona maji yakimeta, wala halioni tope. Na jua nalo huyanyonya maji, chumvi ikabaki. Hivyo bwawa laweza kuharibika na ukuta wake haujapata ufa hata mmoja.

Na mwili ni vivyo hivyo. Mtu hupata kazi ya kiti, akapata na gari, chai yake ikawa ya sukari nyingi na kitafunio chake cha kukaangwa. Hapana siku anayoweza kusema, "Leo ndipo nilipodhoofika." Tope huingia kidogo kidogo, mpaka siku daktari anapomtajia shinikizo la damu au kisukari. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi mazito. Hizo 150 ukizigawa kwa siku saba, hazifiki nusu saa kwa siku. Ni nani asiyeipoteza nusu saa kwa porojo?

Ama katika dini yetu, mwili ni amana. Mtume (s.a.w.) alipopata habari za sahaba aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, alimkataza, akamfahamisha kuwa mwili wake una haki juu yake. Ikiwa haifai kuudhulumu mwili hata kwa ibada, itafaaje kuudhulumu kwa uvivu? Na yeye mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.). Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda. Mara ya pili, alipokwisha kunenepa, akashindwa. Basi asiseme mtu kwamba mbio ni za watoto, wala kwamba mwanamke hana fungu humo, maadamu sitara imehifadhiwa.

Tena mwaka wa 7 wa Hijra (629), Waislamu walipoingia Makka kwa Umra, Makureshi walisema kuwa homa ya Yathrib imewadhoofisha. Mtume akawaamuru masahaba waende mbio kwa hatua fupi katika mizunguko mitatu ya mwanzo ya tawafu. Sisemi kuzunguka bwawa ni mfano wa kuizunguka Al-Kaaba, hasha! Nasema tu kwamba kuonekana na nguvu hakukuwa aibu kwa watu wale, bali kulikuwa ni heshima yao.

Na jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu, alipokimbia kilomita 42 na ushei mjini Tokyo, Septemba 2025, akawa bingwa wa dunia wa marathoni, hakuna aliyeuliza anafukuzwa na nani. Sote tulishangilia.

Lakini hapa pana hatari, ndugu msomaji. Njia za kando ya maji hazikutengenezwa kwa ajili ya wakimbiaji. Hupita humo mama mwenye ndoo kichwani na mtoto achungaye ng'ombe. Hao hawakulitafuta jasho. Jasho limewatafuta wao. Akiwapita mtu mwenye siha njema, akili yake yote iko kwenye saa ya mkononi na picha atakayowaonyesha wenzake, basi amepata nini? Amepata pumzi ya kuzunguka bwawa zima, na hana pumzi ya kwenda mtaa wa pili kumjulia hali mgonjwa, wala kushika jembe jirani anapochimbiwa kaburi. Huyo ni kama maji yaliyozuiwa yasimfae mtu: jua huyala, ikabaki chumvi.

Basi mimi nasema hivi: kimbia, kwani ni haki ya mwili wako. Kimbia kwa kiasi, usijiumize. Kimbia kwa nia safi, na jua likizama usiipishe Magharibi kwa ajili ya mzunguko mmoja zaidi. Kisha nguvu ulizozipata zifungulie mfereji: mtue mama ndoo yake, mpeleke mzazi wako hospitali, simama katika safu ya watu wanaofanya kazi. Ukifanya hivyo, hutakuwa umerudi pale pale ulipoanzia, hata kama nyayo zako zimerudi.

Na akikuuliza mzee unafukuzwa na nani, mjibu kwa adabu: "Nafukuzwa na siku nitakayoulizwa juu ya amana, mzee wangu."

Wabillahi tawfiq.