Juu ya Kuchagua Bustani za Michezo kwa Ajili ya Watoto Wadogo

Wengi wenu mna wana na ndugu waliokwenda kukaa Ulaya na Marekani, nanyi mwajua ya kuwa huko, shule zifungwapo wakati wa joto, wazazi huulizana: Mwaka huu tuwapeleke watoto wapi? Mara nyingi jibu huwa moja ya zile bustani kubwa za michezo, zenye lango na tikiti, na bembea za kila namna, na vigari vikimbiavyo juu ya reli za kupanda na kushuka, na majumba yaliyojengwa kwa mfano wa hadithi. Gharama yake ni nzito: nauli, malazi, chakula, na tikiti za watu wote. Kwa hiyo watu hulihesabu jambo hili kuwa la mfuko tu. Sisi twaona ya kuwa ndani yake limo swali jingine, nalo ni hili: Safari iitwayo ya watoto, ni ya nani hasa?

Bustani hizi si jambo geni. Karibu na Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, iko Bakken ndani ya msitu, ambako watu walianza kwenda mwaka 1583 kwa ajili ya chemchemi ya maji. Na katika mji wenyewe Georg Carstensen alifungua Tivoli mwaka 1843. Lakini ijulikanayo kuliko zote ni Disneyland, iliyofunguliwa California mwaka 1955. Walt Disney alisimulia jinsi alivyokuwa akiwapeleka binti zake wawili kwenye bembea ya farasi wa mbao katika Griffith Park, Los Angeles, naye akikaa juu ya benchi akiwatazama. Ndipo akawaza ya kuwa yafaa pawe na mahali ambapo wazazi na watoto watafurahi pamoja. Wazo hilo ni jema, wala hatulilaumu. Walakini tangu mzazi alipoinuka katika benchi lile imemjia hatari ambayo hakuwa nayo alipokuwa ameketi: aweza kuitafuta furaha yake mwenyewe, huku akiitaja kwa jina la mtoto.

Tuwasikilize kwanza wale wasemao, Mtoto wa miaka miwili hatakumbuka kitu, basi ni fedha iliyotupwa. Neno lao lina msingi. Wataalamu wameona ya kuwa watu wazima wengi hawayakumbuki mambo yaliyowapata kabla ya mwaka wa tatu au wa nne. Patricia Bauer na Marina Larkina wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliyaandika mazungumzo ya watoto wa miaka 3 pamoja na mama zao, kisha wakawauliza watoto hao walipokuwa wamekua; na kazi yao ilichapwa mwaka 2013. Walioulizwa wakiwa na miaka 5 hata 7 walikumbuka zaidi ya nusu ya mambo yale. Walioulizwa wakiwa na miaka 8 au 9 walikumbuka kiasi cha theluthi moja tu. Basi kusahau ni kweli. Lakini je, kisichokumbukwa kimepotea? Hakuna hata mmoja wetu aukumbukaye mgongo wa mama uliombeba, wala nyimbo alizobembelezwa kwazo, wala uji wake wa kwanza. Hata hivyo hatusemi ya kuwa mama zetu walipoteza wakati wao. Mtoto achekaye leo amecheka kweli, na kicheko chake hakina haja ya kuthibitishwa baada ya miaka 20.

Upande wa pili wako wasemao, Twataka aikumbuke siku hii maisha yake yote. Nao huchagua bustani iliyo kubwa na ya mbali kuliko zote, hata wakikopa. Hawa na wale wa kwanza waonekana kupingana, walakini wamekosea mahali pamoja, maana wote wawili huipima siku ya leo kwa kesho yake. Tena mara nyingi kinachotafutwa ni picha: mtoto amesimama mbele ya kasri, amevaa nguo mpya, na machozi yake yamefutwa upesi kabla ya picha kupigwa. Picha za namna hiyo huletwa kwa babu na bibi huku kwetu, nazo husifiwa sana. Lakini bibi mwenye macho huuona uchovu usoni pa mjukuu wake, hata akiunyamazia kwa adabu.

Basi na pachaguliwe mahali pamfaapo mtoto kama alivyo mwaka huu. Katika Disneyland, apandaye Space Mountain sharti awe na kimo cha sentimita 102, na mtoto wa miaka 3 kwa kawaida hajafika hapo. Mtoto aliyeahidiwa kwa mwezi mzima, akasafirishwa mbali, akasimamishwa penye kipimo na kuambiwa arudi, hulia kilio cha mtu aliyedanganywa. Naye kweli amedanganywa, kwa kuwa vipimo hivyo hutangazwa wazi, na wazazi wake wangaliweza kumpima ukutani nyumbani. Wako hata wamtiao mtoto vitambaa viatuni ili aonekane mrefu. Watu hao hawakufikiri ya kuwa kimo kimewekwa kwa sababu vizuizi vya kigari haviwezi kuushika salama mwili ulio mdogo mno.

Billund, huko Denmark, mambo ni tofauti. Legoland ilifunguliwa hapo mwaka 1968, kando ya kiwanda cha vile vitofali vya kuchezea, nayo ina miji mizima iliyojengwa kwa vitofali, nyumba na bandari na merikebu, vyote vikiwa vidogo. Mtoto ambaye kwingine hupimwa na kuonekana mfupi, hapo hutazama mapaa ya nyumba kutoka juu. Na katika Efteling ya Uholanzi, iliyofunguliwa mwaka 1952, uko msitu wa hadithi ambamo watu hutembea tu kwa miguu yao. Tena yako mapipa ya takataka yaliyofanywa mfano wa mtu mnene mwenye kinywa wazi, aombaye karatasi kwa sauti na kushukuru apewapo. Mtoto mdogo aweza kusimama hapo nusu saa akiokota karatasi na kumlisha yule mnene. Baba hutazama saa, akasema, Hatukuja mbali hivi kutazama pipa. Twamuuliza baba huyo: mlikuja kutazama nini, na ni nani aliyekichagua?

Liko neno moja ambalo twaomba ruhusa kulisema kwa ukali kidogo. Katika Disneyland, na katika Legoland ya Billund pia, mtoto asiyetimiza miaka 3 huingia bila tikiti. Sasa mtoto aliyeitimiza mwezi uliopita amejifunza kuuonyesha umri wake kwa vidole vitatu, naye hujivunia sana, humwonyesha kila mtu. Mzazi amwambiaye langoni akunje kidole kimoja amepata faida ya tikiti moja. Wala wasemao ya kuwa mtoto hakumbuki kitu wasijifariji hapa. Bembea ataisahau, lakini ataendelea kukaa na wazazi wale wale, na kuwasikiliza kila siku.

Watoto wakiwa wawili, mmoja wa miaka 9 na mmoja wa miaka 3, haki huwa ngumu zaidi, maana limfurahishalo mmoja humtisha au humchosha mwenzake. Haifai mkubwa anyimwe kila kitu kwa ajili ya mdogo, wala mdogo aburutwe siku nzima nyuma ya mkubwa. Bustani nyingi zimeweka utaratibu mzuri: mzazi mmoja hungoja pamoja na mdogo wakati mwenzake apandapo na mkubwa, kisha hubadilishana pasipo kupanga mstari upya. Yafaa kuuliza habari hiyo kabla ya kulipa. Na mdogo akishikwa na usingizi saa nane mchana, aachwe alale, hata kama tikiti imelipiwa mpaka usiku.

Na kama baba ana hamu kuu ya kukipanda kile kigari cha California, hamu hiyo haina aibu. Aiseme wazi, kwamba ni yeye atakaye. Aweke akiba polepole, kisha aende na mkewe siku mbili tatu. Watoto na wakae kwa bibi yao, maana huko nako, twadhani, hawatakosa kamba na tawi la mwembe.