Vya Kale ni Dhahabu ya Nani?

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, hugombana. Moja inasema vya kale ni dhahabu. Ya pili, ambayo naomba radhi kuiandika, inasema mavi ya kale hayanuki. Kwa miaka yangu yote ya ualimu nilizifundisha zote mbili, kila moja kwa siku yake, wala sikuona haja ya kuzipatanisha. Haja hiyo nimeiona uzeeni, tena mahali ambapo sikupatazamia: katika bustani ya burudani, Florida, nchini Marekani.

Mwaka 2024 nilikwenda kumtembelea binti yangu anayeishi karibu na mji wa Orlando. Wajukuu wakashikilia kwamba Babu hawezi kurudi nyumbani bila kuiona Disney. Basi nikapelekwa. Nilipanga foleni kwa subira ya mtu aliyewahi kupanga foleni ya sukari na sabuni, nikaingizwa katika mashua iliyochongwa mfano wa gogo. Mashua ile inapita taratibu kati ya sanamu zinazoimba za Binti Mfalme Tiana na wanyama wa kinamasini, kisha ghafla inaporomoka karibu mita 16 hadi chini. Kofia yangu ililowa. Wajukuu walicheka mpaka wakakaa chini, nami nikacheka pamoja nao.

Jioni nikamsimulia jirani wa binti yangu, mzee wa rika langu, nikidhani atafurahi. Uso wake ukabadilika. Akanieleza kuwa mfereji ule na poromoko lile vilikuwapo tangu mwaka 1992, ila wakati huo paliitwa Splash Mountain, na sanamu zilikuwa nyingine. Yeye na marehemu mkewe walipanda mara nyingi. Kila walipofika ukingoni mkewe alimkamata mkono na kupiga kelele, ingawa alijua fika kitakachotokea. Pakafungwa Januari 2023 ili pageuzwe. Tangu siku hiyo mzee yule hajakanyaga tena bustani ile.

Si yeye peke yake. Bustani ya kwanza ya Disney ilifunguliwa California mwaka 1955, na mwanzilishi wake, Walt Disney, alisema mwenyewe kwamba haitakamilika kamwe. Hata hivyo, kila kinapoondolewa kitu, wapo wanaokililia. Mwaka 1998 watu waliandamana ndani ya bustani ya Florida kupinga kufungwa kwa mchezo wa chura aendeshaye gari. Splash Mountain ilipofungwa, wengine waliuza chupa za maji waliyodai wameyateka humo. Kwanza nilitaka kucheka. Mtu mzima anunue maji ya mfereji! Lakini nikamkumbuka marehemu aliyemkamata mumewe mkono, nikanyamaza.

Nikauliza kwa nini basi palibadilishwa. Hapo ndipo jambo liliponigusa.

Splash Mountain ilisimulia visa vya sungura mjanja. Visa hivyo vilikusanywa na mwandishi Mzungu wa Georgia, Joel Chandler Harris, katika kitabu cha mwaka 1880, naye alivisikia kwa watumwa wa shambani ujanani mwake. Sungura ananaswa kwenye mdoli wa lami. Akikamatwa, anaomba afanyiwe lolote ila asitupwe miibani, kumbe miibani ndiko kwao. Ndugu msomaji, nilipoelezwa hayo nilitikisika. Bibi yangu alitusimulia sungura aliyekataa kuchimba kisima na wenzake, akanaswa na ulimbo uliopakwa mgongoni mwa kobe. Na anayeomba asitupwe, kwetu ni kobe, na anakotupwa ni majini. Walionyang'anywa kila kitu walivuka bahari na hadithi hizo vichwani mwao, na shambani, chini ya mjeledi, walijifariji kwa mnyama mdogo anayewashinda wakubwa.

Ila mchezo ule haukuvichukua visa hivyo kutoka kwa watumwa. Uliviokota katika filamu ya Disney ya mwaka 1946, inayoonyesha maisha ya Weusi katika mashamba ya Kusini kana kwamba yalikuwa raha tupu. Ilipozinduliwa mjini Atlanta, James Baskett, mwigizaji Mweusi aliyekuwa msimulizi wa visa hivyo, hakuhudhuria, maana sheria za ubaguzi za huko zisingemruhusu kujumuika na wenzake Wazungu. Wapo waliolalamika tangu mwaka huohuo. Baadaye kampuni yenyewe ikaona haya, hata haikuiuza filamu hiyo katika kanda za video huko Marekani.

Sasa nani mwenye haki? Mzee anayelia, au aliyebomoa? Nilishindwa kulala, lakini nakiri kuwa hawakuwa Wamarekani walioninyima usingizi.

Mwaka 2019 wanafunzi wangu wa zamani walinialika katika mkutano wao. Walinivika shada, wakasimama mmoja mmoja. "Mwalimu, enzi zako shule ilikuwa shule," walisema. "Kengele ikilia, hata kuku walitulia." Walikumbuka gwaride, bustani ya mboga, nyimbo za asubuhi chini ya mwembe. Nilijisikia kama chifu. Tulipokuwa tunaagana, akaja mmoja ambaye hakusema neno siku nzima. Akanipa shikamoo, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mimi kengele siikumbuki. Nakumbuka fimbo."

Nilimkumbuka mara moja. Alikuwa akichelewa kila siku, nami nikimchapa kila siku mbele ya shule nzima. Sikuwahi kumwuliza sababu. Kumbe mama yake alikuwa mgonjwa, na yeye ndiye aliyeteka maji na kumpikia uji kabla ya kutoka nyumbani. Chuo cha ualimu kilinifundisha saikolojia ya mtoto, tena nilifaulu vizuri. Unajua nilimjibu nini? Nilicheka, nikasema, "Fimbo hiyo ndiyo iliyokufanya mtu." Wenzake wakapiga makofi.

Ndiyo maana nasema sitamcheka mzee wa Orlando, wala sitaungana naye katika yote. Anachokililia ni kitu cha kweli: mkono wa mkewe. Lakini utamu wa kumbukumbu yake hautoshi kuthibitisha kuwa mahali pale palikuwa pema kwa kila mtu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Vilevile, waliobadilisha wasijione wameosha kila kitu. Kosa lilikuwa kuyapamba maisha ya shamba; sungura hakuwa na hatia, na pamoja na uongo ule umeondolewa ujanja wa watu wetu, waliounusuru kwa shida kubwa. Nafurahi wajukuu wangu kumwona Tiana, binti mfalme Mweusi, amesimama juu ya kilima kile. Ningefurahi zaidi kama sungura angebaki, akisimuliwa na wenyewe.

Basi methali zile mbili nimezipatanisha hivi. Unaposema vya kale ni dhahabu, geuka uwatazame waliokuwa nawe huko kale, uwaulize wao walipata nini. Wakikuambia walipata kunguni, usiwapigie makofi ya kuwanyamazisha.

Niliporudi nyumbani nilimpigia simu yule mwanafunzi wangu, sasa mtu mwenye mvi. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikukosea shuleni, nikakukosea tena siku ile ya mkutano. Nisamehe." Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Mwalimu, ule mwembe bado upo?"

Nikamjibu kuwa ulikatwa zamani, pakajengwa madarasa.

"Ah," akasema. "Embe zake zilikuwa tamu."

Naam, zilikuwa tamu. Tukazungumza habari za mwembe ule mpaka salio langu likaisha.