Kunyamaza Si Amani

Vita vya nchi za mbali vimekwisha ingia nyumbani mwetu. Habari za Ukraini, za Nchi Takatifu na za mashariki ya Kongo zimeletwa na redio na simu, na watu wa nyumba moja wakagawanyika. Mmoja asema taifa fulani lina haki ya kuikalia nchi ya jirani yake kwa silaha, wa pili alaani, wa tatu asema, "Hayo si yetu. Tusali, tunyamaze." Leo twataka kusema juu ya huyo wa tatu, maana neno lake lafanana na hekima ya Kikristu, wala silo.

Tukumbuke mambo ya Msumbiji, jirani zetu wa kusini. Tangu 1964 hata 1974 serikali ya Ureno ilipigana huko ili izidi kuitawala nchi isiyo yake. Watawala wale walikuwa Wakatoliki. Mwaka 1940 walikuwa wamefanya mapatano na Roma, na misheni zikapata msaada wao. Kwa hiyo, vita vilipowaka, Kanisa lenyewe lilitofautiana hadharani. Wako viongozi wake walioutetea utawala ule. Wako waliodhani ukimya utaziokoa shule na misheni.

Lakini wengine hawakuweza. Mwezi wa Julai 1970 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwapokea viongozi watatu wa wapigania uhuru wa makoloni ya Ureno, na Ureno ikakasirika hata ikamwita balozi wake arudi. Mwezi wa Mei 1971 Mapadre Weupe waliamua kuondoka Msumbiji, kwa kuwa kukaa kwao kimya kuliwafanya watu wadhani Kanisa limeridhia dhuluma. Kisha, tarehe 16 Desemba 1972, askari wa Ureno waliwaua mamia ya watu pale Wiriyamu, jimboni Tete, watoto wachanga pamoja nao. Wamisionari wa Hispania wakakusanya majina ya waliokufa, na Julai 1973 Padre Adrian Hastings akayatangaza katika gazeti la London. Wakubwa wa Ureno wakakana. Ndipo alipoitwa mwongo. Lakini mwaka 2022, karibu miaka 50 baadaye, waziri mkuu wa Ureno aliomba radhi kwa mauaji yale.

Je, nani aliyelitumikia Kanisa vema zaidi, aliyenyamaza ili kulinda misheni, au aliyeandika majina ya maiti?

Labda mtu atasema kwamba sisi tu mbali. Na atazame Morogoro. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza na ya Afrika Kusini yaliingia mji ule, na wenyeji wa milima ya Uluguru wakaijua vita ambayo hawakuianzisha. Miaka sitini hivi baadaye, chini ya milima ile ile, taifa letu lilitoa shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, ikajengwa shule kwa vijana waliokimbia ubaguzi wa Afrika Kusini. Tungaliweza kusema, "Hayo si yetu." Hatukusema. Mto Ruvu hupata maji yake Uluguru, na mtu wa Dar es Salaam huyanywa asiyeiona mvua ile. Ndivyo ilivyo dhuluma: huanguka mbali, ikateremka mpaka kwetu.

Basi, enyi wazazi, msiwanyamazishe watoto wenu wanapobishana juu ya vita. Wafundisheni kubishana Kikristu. Kwanza, watafute ukweli kabla ya kuchagua upande. Habari iliyopitishwa simuni bila kuchunguzwa yaweza kuwa ushuhuda wa uongo, na amri ya Mungu yaukataza. Pili, wasihesabu maiti za upande mmoja tu. Mtoto aliyeuawa hana upande. Wala wapigania haki wenyewe hawana ruhusa ya kuua wasio na silaha, maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano umelaani kuangamiza miji na watu wake, bila kujali mwenye kufanya ni nani. Tatu, wasimchukie ndugu anayewapinga. Wale waliotofautiana Msumbiji walipokea Mwili mmoja wa Kristu.

Twasali, naam, na tuzidi kusali. Lakini sala isiwe pazia la kufunika macho. Kaini naye alijibu kwamba hakuwa mlinzi wa ndugu yake, na Mungu hakulikubali jibu lile. Jioni hii, baada ya rozari, itajeni nchi moja inayoumizwa na vita, semeni kwa kweli ni nani anayeteswa huko, kisha waombeeni wanaoteswa na wanaowatesa. Amani ya Kristu haijengwi na watu wasiothubutu kusema nani amelala chini akivuja damu.